Tawi la Wizi

Dukani kwangu, Barabara ya Saba,
nauza mawaridi yasiyokufa.
Kila moja lina kuba lake la kioo;
limekamuliwa maji, likanyweshwa gliserini,
likapakwa rangi ambazo udongo haujawahi kuziwaza:
buluu ya peni, nyeusi ya lami.
Wanaume wa Mtumba huja Ijumaa, tai zimelegea.
"Litakaa muda gani?"
Mwaka, hata mitatu, nawaambia, ila usilimwagie maji.
Huguna. Hulipa kwa simu.

Baba aliyaita maua ya chupa.
"Hili ni la ukoo gani?" aliniuliza. Sikujua.

Yeye, mzee Chidawali, alikuwa mtu wa koo.
Miaka thelathini na mmoja pale Mpwapwa
aliandika ndama: dume lipi, mtamba yupi,
maziwa kiasi gani, nani kafa kwa ndigana.
Alipostaafu mikono ilimwasha, akahamia kwenye maua.
Brashi yake ya chavua: singa za mkia wa ng'ombe, zimefungwa uzi.

Zamani, alinieleza, waridi la Ulaya
lilichanua mara moja kwa mwaka,
kama mgeni anayepiga hodi na kuaga papo hapo,
kisha miba tu.
La Uchina lilikuwa dogo, shingo laini, linaogopa baridi,
lakini halikujua kunyamaza: ua, ua, tena ua.
Likapanda meli pamoja na masanduku ya chai.
Njano iliyokolea ikatoka Uajemi, na harufu yake mbaya.
Watu wakayaoza.
"Bila mahari," alisema baba, akacheka peke yake.
Kuna waliopanda mbegu elfu kumi wakabaki na mche mmoja.
Kuna waliobaki na jina tu,
jina la binti, walilokuwa wamelitunzia ua.

Alitaka waridi la kiangazi cha Ugogo:
linywe kopo moja kwa juma,
lichanue Septemba vumbi likivuma,
na linukie. "Lisiponukia ni karatasi."
Daftari la shule, mwandiko wa ndama:
Na. 14, limeoza.
Na. 22, zuri, bubu.
Na. 37, kuku.
Kuku, basi. Hakuongeza neno.

Mwaka wa kumi na mbili likafunguka Na. 61,
rangi ya papai lililochelewa kuchumwa,
harufu, niseme nini, ya chai
na ya mvua ya kwanza juu ya bati la moto.
Akaliita Nyemo, furaha kwa Kigogo,
ambalo pia ni jina la mama.
Mama akajifanya hajasikia, akaendelea kuchambua mlenda.

Alipanga kulibebesha Januari,
macho sita mgongoni mwa waridi pori.
Desemba mbuzi wa jirani akalila,
na miba yake, na kibao cha namba.
Baba alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka giza.
Hakumpiga mbuzi.
Na. 61, mbuzi.

Nilimpelekea moja la dukani, jekundu, la bei ya juu.
Akaliweka kando ya redio.
Lilikuwepo alipougua,
lilikuwepo tulipombeba kutoka.
Halikudondosha kitu.

Siku ya tatu ya matanga
mwenye mbuzi, Mama Mbeleje, akanivuta nyuma ya jiko.
"Niliiba," alisema, macho chini.
"Kabla ya mbuzi. Tawi moja, refu kama kalamu.
Niliogopa kumwambia. Baada ya mbuzi nikaogopa zaidi."
Nyuma ya choo chake, katika debe lililotobolewa kwa msumari,
Na. 61: machipukizi manane, ua moja linapukutika.

Tawi la waridi si mtoto wake, baba alipenda kusema,
ni lenyewe.
Yale yaliyoshuka melini bado ni mwili uleule,
unapokezanwa mkono kwa mkono,
hapa umetolewa, pale umechukuliwa usiku.

Nilikata matano. Mawili yameoza.
Moja lipo dirishani dukani, kwenye kopo la maziwa,
katikati ya makuba ya kioo.
Linachafua kaunta, nafagia.
Jana mteja mmoja, mama wa makamo, aliuliza bei.
Haliuzwi, nikamwambia.
Nikaingia chumba cha nyuma kutafuta chenji ambayo hakunidai,
nikakawia,
mkasi nimeuacha juu ya kaunta.